Mtito Andei Hakuna cha Kuona?

Sisi watu wa pwani tuna kipimo chetu cha mambo ya kale. Tukitoka kutazama, twataka kuona mawe: Ngome ya Yesu, magofu ya Gedi, milango ya Lamu. Pasipokuwa na mawe twasema hapana kitu. Ndivyo nilivyowasikia jamaa kadhaa waliokwenda Mtito Andei na Tsavo wakilalamika kuwa wametumia nauli bure.

Nami nimekwenda, na kweli macho hayapati mengi. Mtito Andei, jina ambalo kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi, ni nusu ya njia baina ya Mombasa na Nairobi: vituo vya petroli, mikahawa, stesheni, na lango la mbuga ya Tsavo Magharibi. Ukirejea upande wa Voi, kiasi cha nusu ya mwendo, wafika kwenye daraja la Tsavo, ambapo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli. Simba wenyewe hawapo. Patterson, mhandisi aliyewaua, aliziuza ngozi zao mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, na huko ndiko ziliko hata leo. Hapa pamebaki mto, daraja, na ngurumo za malori.

Lakini je, Mackinnon Road pana nini? Pana msikiti kando ya reli na kaburi la Seyyid Baghali, msimamizi wa wajenzi kutoka Punjab, ambaye yasimuliwa kuwa karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa pasi na kukigusa. Hata hivyo madereva husimama, abiria huteremka na Fatiha husomwa. (Mabishano ya wanazuoni juu ya ziara za makaburi nawaachia wenyewe.) Sijamsikia hata mmoja aliyerudi akinung'unika. Msafiri wa Mackinnon Road hutoka nyumbani na khabari moyoni, kwani ameipokea kwa babu yake. Msafiri wa Tsavo hutoka na picha za sinema ile ya mwaka 1996, ambayo wala haikupigwa Tsavo bali Afrika Kusini. Vipi asivunjike moyo?

Na khabari ya Tsavo ni nzito. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli hii, na karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na mengineyo. Kuhusu simba, Patterson aliandika kuwa Wahindi walioliwa ni 28. Ama Waafrika, asema hesabu yao haikuwekwa. Isome tena kauli hiyo, msomaji. Baadaye alidai kuwa wote walikuwa 135, nao wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba wale walikadiria, mwaka 2009, kuwa ni 35 hivi. Sayansi yaweza kuuliza unywele wa simba amekula watu wangapi, lakini haiwezi kutwambia majina yao. Katika kambi zile walikuwamo Waswahili, watu wa pwani hii. Nani ajuaye ni mama gani wa Mombasa au wa Lamu aliyemngoja mwanawe asimwone?

Khasa lililonigusa mimi, mtunga mashairi, ni kuwa kambini mlikuwa na mshairi. Roshan, fundi kutoka wilaya ya Jhelum, alitunga kwa Kihindustani shairi refu juu ya simba hao, akalitia tarehe Januari 29, 1899. Patterson alilitia tafsiri yake kitabuni mwaka 1907. Kwangu mimi shairi hilo ni turathi kubwa kuliko ngozi mbili zilizojazwa pamba.

Kwa hivyo siungi mkono rai ya kusimamisha simba wa saruji ili mgeni apate pa kupigia picha. Mabasi ya Mombasa husimama Mtito Andei abiria wanywe chai. Hapo ningependa kibao cha Kiswahili chenye yale machache yajulikanayo, pamoja na mstari mmoja useme wazi kuwa Waafrika hawakuhesabiwa. Tena, mimi shairi la Roshan nimelisoma kwa Kiingereza cha Patterson tu. Mombasa wako wazee wa Kipunjabi wanaokijua Kihindustani. Mmoja wao akikubali kukaa nami jioni chache baada ya Isha, kalamu na karatasi nitakuja nazo mwenyewe.