Goma: Anayegawa maharage bila kuni amegawa nusu ya chakula

Mgao wa chakula kwa wahami wa vita katika Kivu Kaskazini kila mtu anaujua: unga, maharage, mafuta, chumvi. Maharage makavu yanadai masaa mawili motoni, mara nyingine matatu. Kuni za kuyaivisha zitoke wapi, na moshi wake uingie kifua cha nani, hayo hayamo kwenye karatasi ya mgao. Ni kosa, na si kosa dogo. Moshi wa kupikia ni sehemu ya shida ya vita sawa na njaa na kipindupindu, na wanaopanga misaada wanapaswa kuuhesabu hivyo.

Kuanzia 2022, familia zilizokimbia Rutshuru, Nyiragongo na Masisi zilijaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Mahema yalibanana, turubai juu ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha moto uliingizwa ndani. Kambi hizo zilivunjwa Februari 2025, lakini hakuna aliyeacha kupika. Wengine wako kwa wenyeji, jiko moja kwa familia tatu. Wengine wamerudi kwenye nyumba ambazo bati liliibiwa na madirisha yakazibwa kwa mbao. Hema limeondoka, moshi umebaki.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyekimbia risasi hana nafasi ya kuwaza moshi. Maneno hayo yanasemwa zaidi na watu wasiopika. Mama anayekohoa usiku kucha na mtoto wake anayepumua kwa shida hawahitaji kuambiwa kama moshi ni shida. Wanachokosa ni mtu wa kuuliza.

Basi moshi ni nini hasa? Kama kuni zingeungua kabisa, zingebaki dioksidi ya kaboni, mvuke wa maji na majivu. Jikoni haiwi hivyo. Ndani ya ulimi wa moto, pale oksijeni inapokosekana, gesi zinazotoka kwenye ukuni zinavunjika na vipande vyake vinashikamana kuwa vitufe vya kaboni. Kitufe kimoja kina upana wa nanomita 20 hadi 50 hivi. Zaidi ya elfu moja wangeweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja wa kichwa. Vitufe hivyo vinaungana kama shanga za mkufu, na mikufu mingi ikirundikana ndiyo masizi yanayokaa kwenye sufuria na juu ya turubai.

Moshi mweupe ni kitu kingine. Huo unatoka kwenye kuni mbichi au moto unaofukuta bila ndimi: ni matone madogo sana ya lami ya mti, pamoja na gesi kali kama akrolini na formaldehidi zinazotoa machozi. Watu wengi wanaogopa moshi mweusi na kuudharau mweupe. Kifua hakibagui. Na mhami ndiye anayepika kwa kuni mbichi zaidi kuliko wote, kwa sababu hana nafasi ya kuzianika wala pesa ya kununua zilizokauka.

Masizi hayasafiri peke yake. Uso wake unabeba kemikali nyingine zilizozaliwa motoni, na mojawapo, benzopirini, inajulikana kusababisha saratani. Habari ya saratani si mpya: mwaka wa 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi, kazi iliyoanzwa utotoni, walipata saratani kwa ajili ya masizi yaliyoshika ngozi yao. Karibu miaka 250 imepita. Tofauti ni kwamba leo inajulikana pia kuwa chembe zenye upana chini ya mikromita 2.5 hazizuiliwi na pua wala koo. Zinafika mwisho wa mapafu, na zile ndogo kabisa zinaweza kupenya hadi damuni.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza mwaka wa 2021 kwamba kwa wastani wa mwaka hewa isiwe na zaidi ya mikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo, na kwa siku moja isipite 15. Jikoni penye kuni pasipo na dirisha, kipimo kinafika mamia, na wakati wa kuwasha kinaweza kupita elfu moja. OMS hiyohiyo inakadiria kwamba mwaka wa 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Kuhusu makala, Goma inajidanganya kidogo. Mbabula ya makala yaliyoshika vizuri haitoi moshi mwingi, kwa hiyo watu wanaiona salama. Moshi wa makala haukupotea. Uliachwa kwenye tanuru kule msituni, mahali ambapo mti ulifukuta siku nyingi chini ya udongo. Na kinachobaki ndani ya makala bado kinaua: monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Watu wa hapa wanajua mazuku, ile hewa nzito ya volkano inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watu bila kuonekana. Mazuku ni dioksidi ya kaboni, gesi tofauti, lakini mbabula iliyoingizwa ndani ya hema usiku wa baridi na turubai likafungwa ni ndugu yake. Kama mzee anakataza mtoto kushuka kwenye shimo la mazuku, akataze pia mtu kulala na mbabula inayowaka.

Kuna pia kuwashia moto kwa mifuko ya plastiki na vipande vya sandali za zamani. Inashika haraka, kweli, hasa makala yakiwa na unyevu. Lakini plastiki ndiyo inayotoa masizi mazito kuliko kuni, na aina nyingine za plastiki zinatoa sumu zinazokaa mwilini miaka mingi. Nyasi kavu au maganda ya mahindi yanachelewa dakika chache tu.

Jambo la kushangaza ni kwamba moshi wa bara hili umechunguzwa sana, ila mbali na jikoni. Kila kiangazi, Juni hadi Agosti, moto wa mbuga na mashamba kusini mwa Congo na Angola unaonekana kwenye satelaiti, na upepo unasukuma moshi huo hadi juu ya bahari ya Atlantiki. Kati ya 2016 na 2018, NASA ya Marekani ilirusha ndege kutoka Namibia na São Tomé ili kuupima. Watafiti wanaochunguza moshi wa namna hiyo wanajua mengi: masizi mapya hayapendi maji, lakini yakikaa hewani masaa na siku yanavikwa salfeti na mafuta ya kemikali nyingine, yanaanza kushika maji, yanabadili mawingu, na yanameza joto la jua zaidi kuliko yalipozaliwa. Mvua inayaosha baada ya siku chache au wiki moja hivi. Karibu na Goma, Nyiragongo nayo inatoa gesi ya salfa ambayo hewani inageuka salfeti hiyohiyo. Ni elimu nzuri, wala hakuna sababu ya kuidharau. Lakini kama ndege inaweza kufuata moshi juu ya bahari, kipimo kidogo kinaweza kuning'inizwa pia juu ya mbabula ya familia iliyokimbia Kitshanga. Vipimo vya namna hiyo siku hizi vinaingia mkononi.

Hapa ndipo wauzaji wa majiko ya kisasa wanainua mkono. Wasubiri kidogo. Huko Guatemala, utafiti uliotolewa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba jiko lenye bomba la kutoa moshi nje lilipunguza nimonia kali kwa watoto karibu theluthi moja. Lakini nchini Malawi, majiko bora ya kuni yalijaribiwa kwa familia zenye watoto zaidi ya 10,000, na matokeo ya 2017 hayakuonyesha nimonia kupungua. Hata gesi, iliyojaribiwa Rwanda, India, Peru na Guatemala, ilishusha chembe ambazo akina mama wajawazito walivuta kutoka mikrogramu 70 hivi hadi 24, na bado nimonia ya watoto haikupungua kwa kiasi cha kuonekana wazi.

Si kwamba moshi hauna hatia. Mtoto havuti moshi wa mama yake tu. Anavuta wa jirani, wa takataka zinazochomwa, wa barabara. Na mapafu hayapati nafuu nusu kwa sababu moshi umepungua nusu. Kwa hiyo kugawa majiko mia mbili, kupiga picha na kuondoka hakutatui kitu mahali penye familia elfu tano zinazopika bega kwa bega. Kinachohitajika ni kupanga mahali pote: nafasi kati ya makao, majiko ya pamoja yenye paa na pande wazi, kuni kavu au nishati nyingine inayoletwa pamoja na chakula.

Kuni zenyewe zina damu. Mwaka wa 2023 Médecins Sans Frontières ilitibu wanawake wengi sana waliobakwa kuzunguka kambi za Goma, na wengi walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Msitu wanaoingia ni wa Virunga, hifadhi ya tangu 1925, ambao nao unakatwa kwa ajili ya makala ya mji. Umeme wa maji wa Matebe unafika Goma, lakini haumfikii asiye na nyumba wala mita. Hivyo mgao usio na kuni unamtuma mama msituni, kisha unamrudisha kwenye moshi.

Mara nyingi mafundisho ya afya yanaishia kumlaumu huyo mama: fungua dirisha, pikia nje, mwondoe mtoto. Anapokea hema lisilo na dirisha, anaambiwa afungue dirisha. Yapo machache anayoweza kufanya bila pesa, na anastahili kuyajua: kuloweka maharage usiku mzima ili yaive mapema, kufunika sufuria, kupasua kuni nyembamba, kutombeba mtoto mgongoni wakati wa kuwasha. Yanasaidia. Hayachukui nafasi ya wajibu wa mwingine.

Na wajibu huo umeandikwa. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika mengi ya misaada yanasema yanazifuata, zinataja nishati ya kupikia kati ya mahitaji ya nyumba iliyokimbia. Kamati za wahami zina haki ya kuzishika mkononi. Siku ya mgao, kabla ya mtu kutia sahihi au kidole, mjumbe mmoja asimame aulize: maharage haya yatapikwa na kuni zipi, ndani ya jiko gani, na kwenye orodha hii zimeandikwa wapi?