KUPUNGUZA KASI HAKUUHALALISHI WIMBO

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, imezuka hoja miongoni mwa vijana wetu, na baadhi ya wazazi wameipokea bila ya kuipima. Kijana huchukua wimbo wa mapenzi uliotungwa kwa ajili ya kumbi za starehe, akaupunguza kasi kwa programu ya simu, akauongezea mwangwi, kisha akalala nao masikioni. Akikanywa hujibu: "Huu hauna fujo. Ni wa taratibu, hauchezeshi mtu, unatuliza moyo tu." Tunasema hoja hii ni batili.

Kwanza, tuwatazame wenyewe walioueneza mtindo huu. Ulipata umaarufu mjini Houston, Marekani, katika miaka ya 1990, kwa kazi ya mpiga santuri aliyeitwa DJ Screw, aliyefariki mwaka 2000. Aliupunguza mwendo wa santuri hadi sauti ya mwimbaji ikawa nzito na ya kuburura. Alipoeleza sababu, alisema alitaka msikilizaji auhisi muziki na ayasikie vyema maneno ya mwimbaji. Zingatieni! Aliyeifanya kazi hiyo alijua kwamba wimbo wa haraka hupita sikioni, na wa polepole hukaa. Basi ikiwa maneno yenyewe ni ya zinaa, ulevi na majivuno, kupunguza kasi kumeondoa nini? Sumu inayonywewa kwa kijiko haikuacha kuwa sumu.

Pili, wako wanaojitetea kwa hadithi ya Anjasha, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Anjasha alikuwa na sauti nzuri, akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake safarini, na ngamia wakizidisha mwendo. Mtume (SAW) akamwamuru aende pole, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. "Basi," wanasema, "aliambiwa apunguze tu, hakukatazwa."

Ni kweli, hakukatazwa. Lakini alikuwa akiimba nini? Nyimbo za wachunga ngamia, za kupunguza uchovu wa safari. Hakuwa akiimba uchafu. Na wanazuoni walioisherehesha hadithi hiyo wametaja maana mbili: kuna waliosema ilihofiwa wanawake wasiumie kwa mtikisiko, na kuna waliosema ilihofiwa sauti ile isiziathiri nyoyo zao. Kwa maana zote mbili, kilichoangaliwa ni athari ya wimbo kwa anayeusikia. Hivyo hadithi hii haimpi kijana ruhusa. Inamtaka ajiulize: wimbo huu unanifanya nini?

Tatu, wapo wanaofananisha uimbaji wa polepole na tartili, na sasa hata kasida na visomo vya Qur'an vinapitishwa katika programu hizo hizo. Hapa msiba umekuwa mkubwa zaidi. Katika Surat al-Muzzammil, aya ya 4, tumeamrishwa kuisoma Qur'an kwa utaratibu. Utaratibu huo hutoka katika pumzi na elimu ya msomaji: anaipa kila herufi haki yake, na msikilizaji anapata nafasi ya kuzingatia. Mashine haijui herufi wala hukumu za tajwidi. Huvuta kila sauti bila kubagua: qalqala, ambayo ni mtikiso mfupi, ikaburura, sauti ya msomaji ikageuka isiwe yake. Mtoto wa madrasa anayejifunza kwa kisomo cha namna hiyo atarithi makosa yasiyokuwa ya sheikh yeyote.

Wala wanazuoni wa tajwidi hawakuifanya kasi kuwa ndiyo hukumu. Wameukubali usomaji wa polepole, wa kati na wa haraka, maadamu hukumu zinachungwa. Ikiwa katika kisomo kasi peke yake haitoshi kuwa kipimo, itakuwaje kipimo katika nyimbo?

Wazee nao wasicheke. Mara ngapi tumemsikia mzee akiilaani taarabu ya kisasa, ile ya "rusha roho" iliyovuma miaka ya 1990, kisha akaitetea ya zamani kwa kuwa watu waliketi vitini na ala zilikwenda taratibu? Hoja ya babu ndiyo hii ya mjukuu. Mafumbo ya mapenzi ni mafumbo, yawe ya haraka au ya pole. Tusimkemee mtoto kwa kosa ambalo sisi tumelikalia kitako.

Tunajua kuwa wanazuoni wamehitilafiana katika suala la nyimbo na ala, na hatutalimaliza hapa. Lakini hatujui mwanachuoni aliyesema kuwa uchafu unatakasika kwa kupunguzwa mwendo.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi: msiulize wimbo una kasi gani, ulizeni unasema nini. Walimu wa madrasa, wasikilizisheni watoto visomo kama vilivyosomwa. Nanyi vijana, mnaotafuta utulivu usiku, mmeamrishwa kusoma polepole Kitabu kinachotuliza nyoyo. Kifungueni.

Wabillahi tawfiq.