Staa Kaziba Taa za ABS Ili Klipu Ipendeze, Madansa Wanaopanda Nyuma Wameulizwa?

Klipu ilizunguka mitandaoni karibu siku nzima. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kajirekodi usiku akiwa kwenye usukani wa Crown yake, kioo kimeshushwa, ngoma mpya inaunguruma. Alitaka watu wasikie ngoma. Lakini mashabiki wa siku hizi wana macho ya mwewe, wakaiacha ngoma wakahamia kwenye dashibodi. Taa ya ABS inawaka, taa ya kigari kinachoteleza inawaka, na maandishi ya VSC OFF nayo yapo. Kwenye komenti ikawa vicheko tu, wengine wakiuliza kama hiyo ni dashibodi au mti wa Krismasi.

Siku mbili baadaye jamaa karudi. Crown ileile, koti jingine, dashibodi safi haina hata taa moja. Chini kaandika kwamba wenye wivu watasubiri sana. Laiki zikamiminika, ishu ikaisha.

Ila haijaisha. Kwa maneno ya watu wake wa karibu, gari hilo halikupimwa kwa mashine yoyote. Lilipelekwa gereji, dashibodi ikafunguliwa, taa zikazibwa kwa tepu nyeusi, ikarudishwa. Kazi ya muda wa kumaliza soda moja. Na gari hilohilo ndilo linalobeba madansa wake kwenda shoo za mikoani. Hapo ndipo stori inapoacha kuchekesha.

Mjini hapa taa ya dashibodi imekuwa kitu cha aibu, kama kuvaa kiatu kilichotoboka. Mtu haulizi gari linaumwa nini, anauliza watu watasemaje. Ndio maana tiba inayopendwa ni ya kufunika. Wakati ukweli ni kwamba taa ile ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote kwenye gari la staa. Rimu zinaweza kuwa za kuazima, namba ya kilomita inaweza kuwa imerudishwa nyuma, lakini kompyuta ya breki ikisema imejitoa kazini, imejitoa kweli.

Kujitoa kazini maana yake nini? Kila tairi lina sensa inayohesabu kasi yake. Dereva akikanyaga breki za ghafla na tairi likataka kugoma kuzunguka, ABS inalegeza breki ya tairi hilo na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mguu unasikia mtetemo kwenye pedali. Faida yake ni kwamba usukani unaendelea kutii, kwa sababu tairi lililoganda haligeuzi gari, linaburuzwa tu. VSC inakwenda mbele zaidi: gari likianza kutoka kwenye mstari ambao dereva ameuelekeza, inapunguza nguvu ya injini na kubana breki ya tairi moja peke yake ili kulirudisha. Toyota wanaiita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mercedes ESP. Majina tofauti, kazi ileile.

Taa ya njano ya ABS ikiwaka yenyewe, breki za kawaida mara nyingi bado zipo. Gari litasimama, ila ule msaada wa dakika ya hatari haupo. Na hapo ndipo wengi wanapojidanganya: "Mbona breki inashika vizuri tu!" Inashika kwenye foleni ya Mwenge, kwa mwendo wa kilomita 20. ABS haikutengenezwa kwa ajili ya foleni.

Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine kabisa. Inaweza kuwa hendibreki haijashuka vizuri, inaweza kuwa mafuta ya breki yamepungua. Na mafuta hayapungui hivihivi, aidha pedi zimeisha au kuna mahali yanavuja. Mtu anayeongeza mafuta na kuondoka zake bila kuuliza yamekwenda wapi, hajatengeneza kitu. Nyekundu ikiwaka pamoja na ya ABS, na hendibreki imeshuka, hiyo si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Mgawanyo wa breki kati ya matairi ya mbele na ya nyuma unaweza kuwa umekufa pia, na ya nyuma yakitangulia kuganda, gari linageuka na kuangalia lilikotoka. Gari la namna hiyo linapaki pembeni, fundi anafuata lilipo.

Na kile kigari kinachoteleza kikimwekamweka wakati wa mvua kisha kikatulia, hakuna ubaya. Mfumo uko kazini unamsaidia dereva. Shida ni kikiwaka moja kwa moja bila mtu kubonyeza swichi ya kukizima.

Sasa kuna kitu ambacho kingemwokoa msanii wetu na ile tepu. Taa tatu si magonjwa matatu. ABS na VSC zinakula sahani moja, ni zilezile sensa nne za matairi. Sensa moja ikiharibika, kompyuta inazima vyote na kuwasha taa zote kwa pamoja. Kwenye Toyota nyingi hata tatizo la injini linatosha kuiwasha taa ya VSC, kwa hiyo kama taa ya injini nayo inawaka, uchunguzi unaanzia huko. Dashibodi inaweza kufanana na disko kwa sababu ya waya mmoja uliolegea. Anayeambiwa siku ya kwanza, bila kipimo, kwamba inabidi anunue pampu nzima ya ABS, ana haki ya kuomba kuoneshwa ushahidi.

Kipimo chenyewe si uchawi. Kabla ya mashine kuna maswali ya bure. Hendibreki imeshuka? Mafuta ya breki yako kwenye alama? Betri ni nzima? Matairi yote manne yana saizi moja, au mawili ya nyuma yamebadilishwa ili gari likae kibabe? Mara ya mwisho gari lilifanyiwa nini? Maana kuna magari taa ya VSC inawaka baada ya betri kutolewa au baada ya alaimenti, kwa kuwa sensa ya usukani imepoteza kumbukumbu ya wapi ni katikati. Hiyo inafundishwa upya kwa mashine, hainunuliwi dukani.

Halafu ndiyo mashine. Na hapa wengi wanapigwa. Kile kimashine kidogo cha bei chee kinachochomekwa na kusomwa kwa simu mara nyingi kinaishia kwenye injini. Kikisema hakuna kosa, hakijasema breki ni nzima, kimesema hakijaingia chumba hicho. Inatakiwa mashine inayofungua kompyuta ya ABS, ambako kodi nyingi huanza na herufi C. Na kodi ikitaja sensa ya tairi la mbele kulia, haijasema sensa imekufa, imesema ujumbe wa upande huo haufiki. Huenda ni sensa, huenda ni waya umekatika, plagi imeingia maji, au ringi ya kwenye beringi imechakaa. Fundi makini anaendesha gari taratibu huku mashine ikionesha kasi ya kila tairi. Matatu yakisoma 20 na moja likisoma sifuri, mgonjwa kajulikana kabla hata ya kununua kitu Gerezani.

Kuna MC mmoja wa kike anayetamba kwenye sendofu za mjini ambaye alipita njia hiyo. Alinunua Harrier mkononi mwa mtu, dashibodi kama kioo, hakuna taa. Fundi wake akamwambia, "Dada, washa swichi ila injini usiiwashe." Taa zote zikajitokeza kama kawaida, maana gari zima huziwasha zote kwa sekunde chache kujipima halafu huzizima. Ya ABS haikutokea kabisa. Fundi akacheka: "Dada, hili gari limefundishwa kunyamaza." Taa ilikuwa imezibwa na mwenye gari wa kwanza. Mashine ikaonesha tairi la nyuma kushoto. Kumbe mtu alibadilisha shokapu na hakuurudisha waya wa sensa kwenye kishikizo chake, tairi likawa linausugua mpaka ukakatika. Ukaungwa, ukafungwa sehemu yake, kodi ikafutwa, gari likaendeshwa, taa haikurudi. Kwa maelezo yake, gharama haikufika bei ya kilemba alichovaa wikendi ile. Akaiposti stori hiyo. Ikapata laiki chache kuliko posti zake zote za mwezi ule.

Hilo linasema mengi kuhusu sisi watu wa mjini kuliko kuhusu magari.

Lawama zinapenda kwenda kwa mafundi, na wapo wanaostahili. Wapo hata wanaounga taa ya ABS na taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi aridhike. Huyo hakamatwi kwa swichi, anakamatwa na mashine, pale kompyuta ya ABS isipoitika au ikimwaga kodi. Lakini fundi hakuamka asubuhi akaziba taa kwa raha zake. Mteja ndiye aliyesema, "Braza, we izime tu, nina shoo Jumamosi." Mteja aliyelipa rimu bila kubembeleza ndiye huyohuyo anayeona kipimo cha breki ni gharama ya kupoteza. Tepu ya fundi ilifuata oda ya bosi.

Mwaka 1997 waandishi wa jarida moja la magari la Sweden walilijaribu gari jipya dogo la Mercedes, A-Class, kwa kulikwepesha ghafla, kama dereva anayekwepa mnyama barabarani. Likapinduka. Dunia ikacheka. Kampuni ingeweza kubadilisha tangazo na kusonga mbele. Badala yake gari likarekebishwa na kuwekewa mfumo wa kulituliza, ESP, kama kifaa cha kawaida cha kila gari la aina hiyo. Kitu kilichokuwa cha matajiri kikaanza kushuka mpaka kwenye magari madogo. Kumbe aibu ya hadharani inaweza kuzaa matengenezo badala ya tepu.

Na Wasweden walikuwa wanafikiria mnyama wao wa porini. Madansa wa msanii wetu wanapita Mikumi, ambako barabara ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi na swala anavuka bila kuwasha indiketa. Wakitoka hapo wanaikuta Kitonga, mlima na kona, na kama ni masika lami inateleza. Hapo ndipo dereva anapokanyaga kwa nguvu zote na kukata usukani kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ile taa ilikuwa inasema, mapema, kwamba msaada haupo.

Staa yeye anajua kwamba chini ya tepu kuna taa inawaka. Amechagua. Waliokaa nyuma na mabegi ya nguo za shoo mapajani hawakuiona klipu ya kwanza kama onyo, waliiona kama utani, na ya pili imewaambia kwamba mambo yako poa. Hao ndio waliodanganywa kuliko shabiki yeyote.

Klipu ya tatu bado inawezekana. Swichi inawashwa, taa zote zinajitokeza, ABS ikiwemo, halafu zinazimika zenyewe. Ni sekunde chache na haihitaji hata ngoma. Labda haitatrendi, ila madansa watalala usingizi njiani bila wasiwasi.

Uwanja ni wa wadau: ukipanda gari la mshkaji ukaona taa ya ABS inawaka, unamwambia, au unaogopa kuonekana mnoko? Dondosha maoni hapo chini.