Goma: Mtoto wa mbwa yuko kwa jirani, acheni kulipa dola za bure

Familia nyingi za Goma zinatafuta mtoto wa mbwa. Sababu inajulikana: usiku ni mrefu, umeme haufiki kila avenyu, na mwizi anayeruka ukuta wa mawe ya volkano hapigi hodi. Kutafuta mbwa si kosa. Kosa ni kukimbilia kwanza kwa muuzaji wa «mbwa wa kizungu», yule anayesimama kando ya barabara na mtoto wa mbwa mkononi, akiapa kwamba ni Berger kamili. Bei anayoomba ingeweza kulipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Biashara hiyo inasimama juu ya uongo wa aina tatu.

Uongo wa kwanza ni ukoo. Muuzaji wa barabarani haonyeshi mama wala baba. Mtoto wa mbwa wa wiki tano, mweusi, mwenye masikio yaliyolala, anaweza kupewa jina lolote. Miezi sita baadaye amekuwa mbwa kama wale wa avenyu nzima, na namba ya simu ya muuzaji haipatikani tena.

Uongo wa pili ni umri. Mtoto wa mbwa anapaswa kubaki na mama yake mpaka karibu wiki nane. Katika siku hizo anaacha maziwa polepole, na kwa kucheza na ndugu zake anajifunza kutouma kwa nguvu. Anayeng'olewa mapema huharisha, hukonda, na wengi hufa. Akipona, mara nyingi anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma watoto. Muuzaji anajua hayo yote. Lakini kila siku ya kungoja ni chakula kinachotoka mfukoni mwake.

Uongo wa tatu ni chanjo, na huu unaua. «Ameshachanjwa,» muuzaji anasema. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mnyama akitimiza miezi mitatu. Huyu wa wiki tano alichanjwa lini, na nani, na kadi iko wapi? Mnunuzi hapokei kadi. Anapokea maneno.

Watu wanaodhani kichaa cha mbwa ni hadithi za wazee wafikirie tena. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59.000 kila mwaka, zaidi katika Afrika na Asia, na karibu wote wanaupata kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo pesa inayolipwa kwa jina la «Berger» ni pesa iliyonyimwa chanjo. Familia imenunua sifa, ikaacha kinga.

Na hao watoto wa mbwa wanaouzwa ghali wako wapi bila kuuzwa? Wako Majengo, Ndosho, Katoyi, Mabanga. Mbwa jike hubeba mimba ya miezi miwili tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano, sita au zaidi kwa mara moja. Mwenye kiwanja anahangaika awapeleke wapi. Wengine wanawatia kwenye mfuko na kuwatupa kwenye takataka. Hivyo upande mmoja wa avenyu watu wanatupa, upande wa pili watu wanalipa dola. Aibu hiyo haihitaji mradi wala wafadhili. Inahitaji kuulizana.

Njia ni rahisi. Familia inayotaka mbwa imuulize chefu wa nyumba kumi, imuulize mama wa butike, imuulize kijana wa kuchota maji: ni kwa nani mbwa amezaa? Iende pale mchana na watoto wake. Imtazame mama kwanza. Mama anayewaacha wageni wakaribie bila kuwarukia, anayeishi na watoto wa nyumba ile kwa amani, huyo ni ushahidi kuliko karatasi ya muuzaji yeyote. Kisha itazame watoto: macho safi, pua isiyotoka usaha, tumbo lisilovimba kama ngoma kwa minyoo, mwendo wa kuchangamka. Ichague, iache pale, irudi wiki nane zikitimia. Na isiende mikono mitupu. Unga wa kumlisha mama anayenyonyesha ni shukrani inayotosha.

Pesa iliyobaki ina kazi. Kwanza dawa ya minyoo. Kisha, mtoto akifika miezi mitatu, chanjo ya kichaa kwa veterinere anayeandika kadi yenye tarehe, halafu kurudia kama anavyoagiza. Mbwa wa jirani mwenye kadi ni bora kuliko mbwa wa kizungu mwenye hadithi.

Wako wanaocheka: «Mbwa wa kwetu hana thamani.» Hao wanapaswa kujua historia ya nchi yao. Wazungu walianza kujaribu kuwapeleka mbwa wa misitu ya Kongo Uingereza tangu 1895, na wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa. Mwaka wa 1937 wengine walionyeshwa London, watu wakashangaa mbwa asiyebweka kama wengine. Leo mbwa huyo anaitwa Basenji, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamuuza ghali. Jina lenyewe ni ndugu wa neno «mshenzi», tusi ambalo kila Mkongomani analijua. Mzungu analipa dola nyingi kupata mbwa wa kijiji cha Kongo, na Mkongomani analipa dola nyingi kupata mbwa anayedanganywa kwamba ni wa mzungu. Nani hapa ameachwa nyuma?

Wengine wanasema mbwa wa kwetu halindi. Lakini usiku kinachoamsha nyumba ni sauti, na kinachomfanya mbwa abweke ni kujua nani ni wa kiwanja na nani si wake. Hilo analijifunza kwa kulelewa vizuri tangu mdogo. Mwenye depo kubwa anayetaka mbwa wa mafunzo, huyo ana hesabu zake. Familia ya vyumba viwili haina haja hiyo.

Neno gumu zaidi linahusu familia zilizohama. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye maelfu kwa maelfu wakatoka mjini kuelekea Sake, Minova na Rwanda. Mbwa wengi walibaki wamefungwa au wakizurura. Vita navyo vimewatoa watu Rutshuru, Masisi na Nyiragongo mara nyingi, na mwanzoni mwa 2025 kambi zilizozunguka Goma zikabaki tupu. Kila watu wanapokimbia, wanyama wanaachwa, na kila wanaporudi wanakuta nyumba haina ndirisha, haina mbuzi, haina mlinzi. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa na muuzaji kwamba usalama wake unauzwa kwa dola, anaibiwa mara ya pili.

Swali linakuja: aliyehama, ambaye bugali yake mwenyewe haitoshi, atamlisha mbwa nini? Swali ni la haki. Familia inayolala kwenye hema au sebuleni kwa ndugu isichukue mbwa leo, hata akitolewa bure. Atateseka, atazurura, ataongeza hatari kwa watoto wote wa pale. Lakini familia iliyokwisha kurudi kijijini, yenye shamba na mbuzi wawili wa kuanzia, inaweza kumlea kwa mabaki ya bugali na vichwa vya ndagala. Nyumba tatu za jirani zinaweza kumlea pamoja na kuchangia chanjo. Na mbwa anayezurura peke yake, anayetoa mate, anayejiuma au kuyumba, asiguswe na mtu, hata akiwa mdogo na wa kuhurumiwa.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa na meno, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha akimbizwe kituo cha afya kwa ajili ya chanjo. Asipelekwe kwanza kwa mganga wala kupakwa mafuta ya moto.

Wakubwa wa mji nao wasijifiche nyuma ya sumu. Kila mara mbwa wanapouma watu, wito ni ule ule: waueni wote. OMS imesema wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa, na kwamba kinachokizuia ni kuchanja angalau mbwa 70 kwa kila 100. Kila mwaka tarehe 28 Septemba dunia inaadhimisha siku ya kupambana na ugonjwa huu. Ofisi za mifugo zifanye siku hiyo iwe ya sindano katika kila kata, kwa bei ambayo mama wa sokoni anaiweza. Hotuba hazimkingi mtoto.

Wenye mbwa wanaozaa waache kutupa. Waseme kwa majirani kabla mimba haijafika mwisho. Wanaotafuta waache kulipa majina. Muuzaji wa barabarani atakosa wateja siku ambayo watu wa avenyu moja watakapoanza kuongea wenyewe kwa wenyewe.