Usiniuzie Historia ya Mlango

Siku hizi Nairobi, mlango mzee ukikatwa, ukapigwa msasa kidogo na kupachikwa ukutani, unaitwa rafu "yenye historia". Bei nayo inaruka: kodi ya keja yangu hapa Garissa, miezi mitatu, kwa mbao nne na bawaba yenye kutu. Nauliza: historia ya nani?

Tuelewane kwanza. Sina ugomvi na rafu za milango. Vitabu nilivyobaki navyo baada ya kuacha chuo vimekaa juu ya mlango uliokatwa vipande vitatu. Huku hakuna anayeuita usanii. Mbao nzuri hutoka mbali, na mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, bei ilizidi kupanda. Ubao mkuukuu ukiwa bado mzima, unautupa kwa nini?

Na kazi yenyewe ina akili yake. Mlango wa plaiwudi, ule mtupu ndani, hauwezi vitabu, utapinda. Tafuta wa mbao nzima. Ng'oa misumari yote kabla ya kukata, gongagonga usikie kama mchwa wameshakula ndani. Rangi ya zamani usiikwangue kavu ndani ya nyumba yenye watoto, huenda ina madini ya risasi. Hayo ndiyo mambo ya kumwambia mnunuzi.

Ninachokataa ni hadithi inayouzwa pamoja na ubao. Mlango haung'oki wenyewe kwenye fremu. Kuna mtu amejenga upya, sawa. Lakini pia kuna aliyebomolewa, aliyefariki, aliyefukuzwa na maji. Mwishoni mwa 2023, Mto Tana ulipofurika, familia za mji huu zilihama na walichoweza kubeba.

Nenda Dadaab, kilomita kama mia moja kutoka hapa. Tangu kambi zilipoanza 1991, watu wamepasua na kunyoosha makopo ya mafuta ya msaada wakatengeneza milango, maandishi ya USAID yakisomeka bado. Wageni hupiga picha wakasema "ubunifu". Kwa mama anayelala nyuma ya bati hilo, ni kitu cha kufunga usiku.

Halafu kuna milango ambayo hakuna duka litakuuzia. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi. Watu waliuawa, wengine wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika haya. Milango ya nyumba zile iliungua pamoja na nyumba. Mkitaka historia ya milango ya Kaskazini Mashariki, anzieni hapo, muone kama itapendeza juu ya kochi.

Mtaniambia: bora iwe rafu kuliko kuni. Kweli kabisa. Mtaniambia pia kwamba Pwani milango ya nakshi ya Lamu na Zanzibar iligeuzwa meza zamani, kwa hivyo si jambo jipya. Ni kweli, na nyumba zilizobaki na matundu ya fremu zinajua nani alifaidi.

Kwa hivyo nunueni, wasee, lakini ulizeni maswali matatu. Mlango huu ulikuwa wa nyumba gani? Uling'olewa kwa nini? Mwenyewe alilipwa ngapi? Muuzaji akijibu, mlipeni, na sehemu imfikie yule mwenye mlango. Asipojua, basi hana historia yoyote ya kuuza. Ana ubao mkuukuu, na alipwe bei ya ubao mkuukuu, pamoja na jasho la fundi aliyeukata.