Saa tisa alasiri Marekani: mtoto ametoka shule, mzazi ameingia kazi

Kama uko na ndugu Marekani, hii hesabu unaijua. Wewe unaamka saa kumi na mbili ya asubuhi huku Bukavu. Kwake, Louisville katika jimbo la Kentucky, ni saa sita ya usiku, ndipo anatoka kazi. Anakupigia WhatsApp akiwa ndani ya gari. Mnaongea juu ya mama, usalama, pesa. Ukiuliza watoto wako aje na masomo, jibu ni fupi: "Wanasoma tu. Shule ya huku ni bure."

Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ingine iko kati ya saa tisa alasiri, wakati watoto wanatoka kalasi, na saa ile mzazi anarudi nyumbani.

Kalasi ni haki, jioni si haki

Katika mwaka wa bajeti wa 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000. Karibu 20,000 kati yao walikuwa Wakongomani, kuliko inchi ingine yote. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha ule mpango, lakini watoto waliokwisha kufika wako kalasini leo.

Sheria inawalinda. Katika 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya wanafunzi wa asili ya China huko San Francisco, kwamba shule haiwezi kumuweka mtoto mbele ya mwalimu ambaye hasikii luga yake na kumuacha hivyo hivyo. Katika 1982, kesi ya Texas, mahakama hiyo ilisema mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali juu ya kukosa karatasi. Lakini hakuna hukumu iliyosema mtu anapaswa kukaa naye jioni na kumufasiria kazi ya nyumbani.

Na ni jioni ndiyo tofauti inaonekana. Shule huko inamupanga mtoto mara nyingi kwa umri, si kwa kiwango. Aliyetoka Nakivale, Uganda, alikwisha kuonja Kiingereza shuleni. Aliyetoka Nyarugusu, Tanzania, alisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Aliyepoteza miaka mitatu juu ya vita anakuta wote wawili mbele yake. Akiwa na miaka 14 anakaa na wenzake waliosoma Kiingereza tangu utoto, na jioni anabeba kazi ileile waliyobeba wao.

Zamu ya pili

Musaada wa kwanza wa kupokea wakimbizi unadumu siku 90 hivi. Kisha kodi ya nyumba inaanza, na deni la tiketi ya ndege linalipwa kidogo kidogo. Mzazi anakamata kazi yenye iko: kiwanda cha nyama, hoteli, depo ya mizigo. Asiye na Kiingereza mara nyingi anapewa zamu ya pili, ile ya alasiri mpaka usiku. Zamu hiyo inaanza karibu saa ileile watoto wanatoka shule.

Basi mtoto wa kwanza ndiye anakuwa mzazi. Anapika, anaangalia wadogo, anasoma barua za shule na kuzitafsiri. Kazi yake mwenyewe anaifungua saa nne ya usiku, akiwa amechoka.

Kuna mtego mwingine ambao wazazi wa kwetu hawauoni haraka. Sisi tumezoea bulletin yenye asilimia na nafasi, na mtoto akianguka anarudilia mwaka. Huko, mara nyingi mtoto anapanda na wenzake wa umri wake hata kama hajasikia kitu. Mzazi anaona anapanda kila mwaka, anashukuru Mungu. Kumbe katika sekondari ndipo hesabu inafungwa: bila kupita idadi fulani ya masomo, hakuna diploma. Na katika majimbo mengi, kijana akipita miaka 21 mlango wa shule ya bure unafungwa.

Pesa yenye haina uhakika

Masaa yale ya jioni yanajazwa na vituo vya kusaidia wanafunzi, ndani ya shule, makanisa, maktaba na mashirika ya mitaa. Mfuko mukubwa wa serikali kuu kwa kazi hiyo unaitwa 21st Century Community Learning Centers, karibu dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Washington inapatia majimbo, na majimbo yanachagua shule na mashirika yanayoomba. Yule hakuchaguliwa anafunga.

Katika Julai 2025 tuliona udhaifu wake. Pesa ilikuwa itoke tarehe 1. Siku moja mbele, majimbo yakaambiwa zaidi ya dola bilioni 6 za elimu zimezuiliwa, pamoja na hizi za kisha shule na zile za kufundisha Kiingereza. Maseneta 10 wa chama cha rais mwenyewe waliandika barua ya kuomba zifunguliwe. Za kisha shule zilifunguliwa tarehe 18, zingine wiki iliyofuata. Lakini kiongozi wa kituo hawezi kumuahidi mwalimu kazi ya Septemba na pesa ambayo haijafika.

Wenye kutaka kuzikata wako na hoja, na si ya kudharau. Uchunguzi wa kitaifa uliotoka 2003 ulionyesha kwamba, kwa jumla, vituo havikupandisha sana pointi za watoto. Rais George W. Bush alitaka kushusha mfuko toka dola bilioni 1 mpaka milioni 600; Bunge lilikataa. Lakini uchunguzi uleule ulionyesha watoto wengi walikuja siku chache tu. Dawa inayomezwa mara moja kwa wiki haiponyeshi. Na kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna mtu wa kumusomea swali, hata kukaa na mtu mzima anayejua Kiingereza ni jambo kubwa.

Cha kuuliza

Kwa ndugu zetu walio huko, maswali mane yanastahili kupelekwa shuleni. Kuna kituo cha jioni, na nafasi ziko? Nani anamurudisha mtoto nyumbani, kwani basi ya kawaida inaondoka mara tu masomo yanaisha? Kuna mtu anayefundisha Kiingereza, ama ni michezo tu? Mtoto amekwisha kupita masomo mangapi ya diploma? Tena, shule inapaswa kumujulisha mzazi kwa luga anayosikia. Kuomba mkalimani si aibu, na mtoto si mkalimani.

Na sisi tuliobaki huku tuko na sehemu yetu. Kila dola 100 tunayoomba, mara nyingi inatoka katika saa za ziada, na saa za ziada zinakatwa katika jioni ya watoto. Hatusemi watu wasiombe. Maisha huku tunayajua. Ila kesho asubuhi akipiga simu, mbele ya kuongea pesa, mwulize: leo kisha shule, nani alikaa na watoto?