Ukumbi wa Watu Wote na Ulinzi wa Wanyonge

Ukumbi wa mtaa ni nyumba ya watu wote. Kwa hiyo yafaa tuulize: mtoto, au mzee asiyejiweza, akidhulumiwa humo, ni nani atakayejibu? Twaandika haya tukiifikiria Bombambili yetu.

Wengi hudhani kwamba adui wa mtoto ni mgeni. Lakini uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na majirani walikuwa miongoni mwa watendaji.

Basi heshima ya mtu isiwe ndiyo cheti chake. Mwenye funguo, mwalimu wa kwaya na mjumbe wa kamati, wote wafuate sharti moja: mtu mzima asikae peke yake na mtoto mlango umefungwa. Kadhalika mzee au mwenye ulemavu ahitajiye msaada, aulizwe kwanza amtaka nani amsaidie.

Jambo likitokea, lisimalizwe kwa fidia ya mbuzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa kila mwenye habari kwamba haki za mtoto zavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa. Tena simu namba 116 haina malipo. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Sisi tuliozoea kuandika kumbukumbu za mikutano, hatushindwi kuliandika sharti hilo na kulibandika mlangoni.